Jazi ya Uingereza na jinsi ilivyooana na roki: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Tuko wachache tuliozoea kukutana jioni kusikiliza santuri za zamani, na kila nikiweka sahani ya Nucleus au Soft Machine, bendi za Uingereza, maswali huja yaleyale. Nimeyaandika hapa pamoja na majibu yangu. Penye mengi ya kusema nimekaa, penye machache nimepita.

Jazi hii ndiyo ile ya Morogoro Jazz?

Jina ni moja, muziki ni mbali mbali. Kwetu, kuanzia Dar es Salaam Jazz na Western Jazz hadi Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, na kule Kongo OK Jazz ya Franco, neno hilo lilimaanisha bendi ya kisasa yenye magitaa na ala za kupuliza, bendi ya kuinua watu vitini. Kilichopigwa kilikuwa dansi na rumba. Jazi ninayoizungumzia hapa ni ile iliyozaliwa na Wamarekani Weusi wa New Orleans, ambayo roho yake ni mpigaji kutunga papo hapo, mbele ya watu, juu ya wimbo ambao wenzake wanaujua.

Lakini undugu upo. Aliyezoea kusikiliza sebene, pale mpiga solo anapochukua kipande kifupi akakizungusha na kukipamba mpaka ukumbi unachemka, ana sikio tayari kwa jazi-roki. Mwaka 1970 Morogoro Jazz ilisafiri hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya Expo 70. Mwaka huohuo vijana wa London nao walikuwa wanapanda jukwaa la Montreux kule Uswisi na muziki ambao watu hawajaupatia jina bado.

Jazi ilifikaje Uingereza?

Kwa meli. Mwaka 1919 Original Dixieland Jazz Band, kikundi cha Wazungu wa New Orleans, kilitua London na kupiga miezi mingi, ikiwemo kwenye ukumbi mpya wa Hammersmith Palais. Louis Armstrong alikuja 1932, Duke Ellington 1933. Waingereza waliupenda muziki huo mno, na ghafla mlango ukafungwa.

Ni kweli wapigaji wa Marekani walizuiwa kuingia?

Ni kweli, na usipolielewa hili mengine yote hayataeleweka. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kililalamika kwamba Wamarekani wanakuja kuchuma London huku Waingereza wakinyimwa nafasi Marekani. Mwaka 1935 Wizara ya Kazi ikaacha kutoa vibali kwa bendi za Marekani. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 20, hadi 1956, ilipopatikana njia ya kubadilishana: bendi ya Stan Kenton ikaja Uingereza, ya Ted Heath ikaenda Marekani.

Fikiria kijana wa London wa mwaka 1947 anayetaka kujifunza bibopu, mtindo mpya wa Charlie Parker, mpiga saksofoni wa Marekani. Hawezi kumwona anayeupiga. Ana santuri chache za kugombania, basi. Njia iliyobaki ilikuwa kuomba kazi katika bendi za meli za abiria zilizokwenda New York. Geraldo, kiongozi wa bendi aliyekuwa pia wakala wa kazi hizo, alipeleka vijana wengi kiasi kwamba waliitwa jeshi la majini la Geraldo. Ronnie Scott na John Dankworth walikuwa miongoni mwao. Baharini walipiga waltzi za kuchezesha matajiri. Meli ikifunga gati New York, walikimbilia vilabu vya mtaa wa 52 wakasimama karibu na jukwaa, wakikariri kwa macho vidole vinavyotembea kwenye saksofoni.

Waliporudi walianzisha kilabu chao, Club Eleven, mwaka 1948 mtaa wa Great Windmill, Soho, katikati ya London. Jina lilitokana na hesabu ya waanzilishi: wapigaji kumi na meneja mmoja. Mwaka 1950 kilihamia Carnaby Street, polisi wakakivamia, kikafa. Lakini mbegu ilikuwa imeshaota.

Ronnie Scott's ni nini, mbona inatajwa kila mahali?

Ni kilabu alichofungua Ronnie Scott na mwenzake Pete King, wote wapiga saksofoni, tarehe 30 Oktoba 1959, katika chumba cha chini ya ardhi namba 39 Gerrard Street. Mwaka 1961 walimleta Zoot Sims kutoka Marekani apige kwa wiki kadhaa, na Tubby Hayes wa London akaenda New York kwa kubadilishana naye. Tangu hapo wakubwa wa jazi walipita hapo mmoja baada ya mwingine.

Mwaka 1965 kilabu kilihamia Frith Street, kiliko mpaka leo. Jambo ninalowasifu zaidi ni kwamba chumba cha Gerrard Street kilikuwa bado na muda kwenye mkataba, na badala ya kukiacha tupu waliwaachia vijana. Kiliitwa Old Place, na hadi 1968 vijana ambao hakuna ukumbi mwingine uliowataka walipata pa kufanyia makosa na kukua. John Surman, Mike Westbrook, Chris McGregor, wote walipita hapo.

Roki ya Uingereza ilitoka wapi, na jazi ilihusika?

Ilihusika kuliko wengi wanavyodhani. Mfuate mtu mmoja, Chris Barber, mpiga tromboni wa jazi ya zamani ya New Orleans. Katikati ya onyesho bendi yake ilikuwa na kipindi kifupi ambapo ala za kupuliza hupumzika na mpiga banjo, Lonnie Donegan, huimba nyimbo za Wamarekani Weusi kwa gitaa na mapigo mepesi. Moja ya nyimbo hizo, iliyorekodiwa 1954, ilivuma nchi nzima mwaka 1956. Mtindo huo, skifli, ulihitaji gitaa la bei poa na ubao wa kufulia tu, na maelfu ya watoto wa shule wakaunda vikundi. Kimojawapo Liverpool kilikuwa cha John Lennon.

Barber huyohuyo alimleta Muddy Waters, mwimbaji wa bluzi wa Marekani, Uingereza mwaka 1958. Waliozoea gitaa tulivu walishtuka kusikia gitaa la umeme limefunguliwa sauti. Alexis Korner na Cyril Davies, waliokuwa wakipiga bluzi kwenye maonyesho ya Barber, walianzisha bendi yao, Blues Incorporated, na Machi 1962 wakafungua kilabu chao Ealing, magharibi mwa London. Hapo ndipo ukoo unapochangamana. Kwenye dramu alikaa Charlie Watts, mpenzi wa jazi maisha yake yote, kabla hajaenda Rolling Stones. Akamfuata Ginger Baker, mpiga jazi. Besi ilipigwa na Jack Bruce, saksofoni na Dick Heckstall-Smith, nao wametoka jazi. Vijana waliokuja kusikiliza, akina Mick Jagger na Brian Jones, walipanda jukwaani kuimba na kupiga nao.

Kisha Graham Bond, aliyepuliza saksofoni katika kundi la jazi la Don Rendell, aliwachukua Bruce na Baker akaunda bendi yake. Mwaka 1963 gitaa lilikuwa la kijana wa Yorkshire aitwaye John McLaughlin. Baker na Bruce walipoungana na Eric Clapton mwaka 1966 ikawa Cream, bendi ya roki iliyoweza kurefusha wimbo mmoja zaidi ya robo saa jukwaani kwa kutunga papo hapo. Waliita roki, mwenendo wake ulikuwa wa jazi.

Kwa hiyo anayeniuliza jazi na roki zilikutana lini Uingereza, namjibu kwamba hazikuwahi kuachana sana. Wapigaji walikuwa walewale, wanalipwa kwenye mlango uleule wa nyuma, Soho.

Waafrika na watu wa Karibi walichangia nini?

Mengi, na kwa miaka mingi hayakusemwa inavyostahili.

Anza na Joe Harriott. Alizaliwa Kingston, Jamaika, mwaka 1928, akalelewa na kufundishwa saksofoni katika shule ya wavulana ya Alpha, inayoendeshwa na watawa, akafika Uingereza 1951. Mwaka 1960 alirekodi albamu ya Free Form, muziki ambamo wapigaji watano wanaachana na ngazi ya sauti na mapigo yaliyopangwa, wanasikilizana tu. Tarumbeta lilikuwa la Shake Keane wa St Vincent, besi ya Coleridge Goode wa Jamaika. Halafu pamoja na John Mayer, mpiga fidla aliyezaliwa Calcutta, alichanganya jazi na ala za Kihindi kwenye albamu ya Indo-Jazz Suite ya 1966. Harriott alifariki Januari 1973 akiwa fukara. Juu ya kaburi lake yamechongwa maneno yake mwenyewe, kwamba Parker ni Parker, lakini huku nako wapo wanaojua kutupa turufu. Kila nikikumbuka jiwe lile nasikia uchungu.

Kisha Blue Notes. Lilikuwa kundi la Afrika Kusini la Weusi na Mzungu mmoja, mpiga piano Chris McGregor, na sheria za ubaguzi wa rangi zilifanya bendi ya namna hiyo kuwa kosa. Mwaka 1964 walialikwa tamasha la Antibes, Ufaransa, wakatoka na karibu wote hawakurudi. Walipitia Zurich, na 1965 wakafika London: McGregor, Dudu Pukwana kwenye saksofoni, Mongezi Feza kwenye tarumbeta dogo la mfukoni, Johnny Dyani kwenye besi, Louis Moholo kwenye dramu. London haikuwa imesikia kitu kama hicho. Mapigo ya Moholo yalisukuma kama mawimbi, na Pukwana aliweza kutoka kwenye wimbo wa kanisani hadi ukelele wa saksofoni kwa pumzi moja. McGregor baadaye aliunda Brotherhood of Breath, kundi kubwa lililowachanganya wenzake hao na Waingereza vijana, na albamu yao ya kwanza ilitoka 1971.

Hao ndio waliowafundisha Waingereza kutoogopa kelele wala furaha. Feza alipuliza tarumbeta kwenye Rock Bottom, albamu ya Robert Wyatt, mwaka 1974. Mwaka uliofuata akafariki, ana miaka 30. Wenzake walitoka kwenye ibada ya kumkumbuka wakaingia moja kwa moja studio, wakapiga saa nyingi bila kupanga neno, wakilia kwa ala na kwa midomo. Rekodi hiyo ipo. Mimi huisikiliza nikiwa peke yangu.

Na Osibisa wasisahaulike: Teddy Osei na wenzake wa Ghana, pamoja na watu wa Karibi, waliounda bendi London mwaka 1969, wakaweka hailaifu, jazi na gitaa la roki katika chungu kimoja na kuujaza ulimwengu.

Nani hasa alianzisha jazi-roki ya Uingereza? Waliiga Miles Davis?

Hili ndilo swali la ubishi. Wengi husema yote yalianza na Bitches Brew, albamu ya Miles Davis, mpiga tarumbeta wa Marekani. Tuangalie tarehe.

Colosseum ya mpiga dramu Jon Hiseman iliundwa 1968, ikatoa albamu mbili 1969. McLaughlin alirekodi Extrapolation London Januari 1969 akiwa na Surman kwenye saksofoni na Tony Oxley kwenye dramu. Mwezi uliofuata alihamia Marekani, na ndani ya siku chache za kufika alikuwa studio na Miles, wakirekodi In a Silent Way. Besi ya kazi hiyo ilikuwa ya Dave Holland wa Wolverhampton, ambaye Miles alimsikia Ronnie Scott's mwaka 1968 akamchukua. Wote wawili wamo pia kwenye Bitches Brew yenyewe. Nucleus, bendi ya mpiga tarumbeta Ian Carr, iliundwa mwishoni mwa 1969 na ikarekodi Elastic Rock Januari 1970, Bitches Brew ikiwa haijafika madukani.

Hukumu yangu: Miles alifungua mlango kwa upana usio na mfano, na Carr mwenyewe alimheshimu mno, hata akaandika kitabu cha maisha yake. Lakini Waingereza walikuwa wameshaanza safari yao kutoka kwenye bluzi ya Ealing, na Miles mwenyewe alihitaji vidole vya vijana wawili wa huko.

Nucleus ilishinda shindano la Montreux mwaka 1970, ikapewa nafasi kwenye tamasha la Newport, Marekani. Mwaka huohuo Soft Machine ilipiga Royal Albert Hall kwenye Proms, tamasha la muziki wa kitaaluma wa Kizungu, ambako bendi yenye asili ya roki haikutarajiwa kabisa.

Nitaitambuaje kwa sikio?

Anza na dramu. Kwenye jazi ya kawaida mapigo yanakaa juu, kwenye toazi, nayo yanarukaruka: ting, ti-ti-ting, ti-ti-ting. Mpiga roki huyanyoosha: moja-na-mbili-na, dramu ya mguu inapiga chini, ndogo inajibu kwenye mbili na kwenye nne. Sasa msikilize John Marshall wa Nucleus. Mguu unashika roki, lakini mkono wa kulia kwenye toazi bado una uhuru wa jazi, unamjibu mpiga tarumbeta kila anapovuta pumzi.

Halafu shika besi. Kwenye Torrid Zone ya Nucleus besi inashika kijimstari kimoja, inakirudia na kukirudia bila haraka, na juu yake ala za kupuliza zinatembea polepole kama moshi. Kwa anayejua dansi hili halina ugeni: besi inafunga nyumba, solo inatembea ndani.

Tatu, hesabu. Dansi unahesabu nne, unarudi moja. Ukifika Mahavishnu Orchestra, bendi aliyounda McLaughlin Marekani mwaka 1971 baada ya kuzama katika muziki wa India, nne hazikusaidii. Kwenye Birds of Fire mzunguko una mapigo 18. Nilikaa nayo wiki nzima nikigonga meza kwa vidole mpaka nikaacha kuhesabu na mwili ukashika wenyewe.

Na sauti ya umeme. Mike Ratledge wa Soft Machine alipitisha kinanda chake kwenye kifaa cha kukwaruza sauti kilichotengenezewa gitaa, na akafungua sauti kubwa kiasi kwamba akiinua vidole kinanda kinaanza kupiga mluzi wenyewe. Ndiyo maana mistari yake ni mirefu na haina nukta: hakuweza kuachia.

Canterbury inahusianaje?

Ni mji mdogo wa Kent, makao ya askofu mkuu. Soft Machine ilianzia hapo 1966, na kutoka kundi hilohilo la marafiki zikaja Caravan, Hatfield and the North, Gilgamesh na National Health. Wapigaji waliazimana kama majirani wanavyoazimana chumvi. Muziki wao una jazi nyingi na upole fulani, sauti ya kuimba isiyo na majivuno.

Third ya Soft Machine, ya 1970, ina sahani mbili, pande nne, na kila upande una kipande kimoja tu. Miaka michache baadaye Marshall na Karl Jenkins wa Nucleus walikuwa wameshahamia humo, kwa hiyo ukiwa na albamu zao za katikati ya miaka ya 70 unasikiliza bendi mbili katika moja.

Wanawake walikuwepo?

Walikuwepo, wachache, na hawakurahisishiwa. Kathy Stobart alipuliza saksofoni tangu enzi za vita. Barbara Thompson alipuliza saksofoni na filimbi, akaongoza Paraphernalia miaka mingi. Norma Winstone aliimba bila maneno, sauti yake ikawa ala mojawapo ya kupuliza. Julie Driscoll aliyevuma 1968 na Brian Auger aliacha umaarufu wa pop akaolewa na mpiga piano Keith Tippett na kuingia muziki huru. Tippett ndiye aliyekusanya watu 50 wa jazi na roki katika kundi moja, Centipede, mwaka 1970.

Kuna Kiswahili popote katika muziki huu?

Upande wa Marekani, ndiyo. Herbie Hancock alipoanza jazi ya umeme mwanzoni mwa miaka ya 70, yeye na wenzake walijipa majina ya Kiswahili: yeye Mwandishi, mpiga besi Buster Williams akawa Mchezaji, mpiga tarumbeta Eddie Henderson akawa Mganga, mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali. Albamu ya 1971 inaitwa Mwandishi. Kwa Waingereza sijakutana nacho.

Kwa nini ilififia?

Bendi kubwa ni ghali kuzungusha, kampuni za santuri zilichoka, na kuanzia 1976 vijana walitaka panki, nyimbo za dakika mbili. Na tuseme ukweli, baadhi ya wapigaji walianza kushindana nani ana vidole vyepesi zaidi, wimbo ukasahaulika. Brand X, ambako Phil Collins alipiga dramu, ilitoa kazi nzuri mwaka 1976, lakini wasikilizaji waliowafuata walikuwa wachache.

Leo hali ikoje?

Iko hai, na imerudi mikononi mwa watoto wa wahamiaji. Katika miaka ya 80 Courtney Pine na Gary Crosby walikuwa katika Jazz Warriors, bendi ya vijana Weusi wa Uingereza. Mwaka 1991 Crosby na Janine Irons walianzisha Tomorrow's Warriors, wanaofundisha vijana bila malipo. Humo wamepita Shabaka Hutchings, Nubya Garcia, Moses Boyd na wale wa Ezra Collective, ambao mwaka 2023 walikuwa wa kwanza wa jazi kushinda tuzo ya Mercury, ya albamu bora ya mwaka Uingereza. Roki kwao ni kiungo kimoja tu. Afrobeat ya Lagos na mapigo ya Karibi ndiyo yanayochemsha chungu.

Nianze na santuri ipi?

Kama umelelewa na dansi, usianze na Soft Machine. Anza na albamu ya kwanza ya Brotherhood of Breath, wimbo uitwao MRA, uliotungwa na Dudu Pukwana. Fungua sauti. Tromboni na saksofoni zinaingia kwa zamu, kila moja na kijimstari chake, zinapandana juu ya Moholo hadi huwezi kuhesabu ni ngapi. Ukishaupenda, nenda Elastic Rock, na ukiipata katika santuri ya zamani ya lebo ya Vertigo, simama juu ya gramafoni uiangalie inavyozunguka: upande wa kwanza, katikati ya sahani, kuna duara za nyeusi na nyeupe zinazojikunja kama maji yanayoingia shimoni. Wageni wangu huinama kuzitazama mpaka tarumbeta la Carr linapoingia, ndipo wanapoinua vichwa.